Maandazi na chapati zikibaki: jinsi ya kugandisha vitafunwa vya nyumbani bila kuviharibu

Anayeuza maandazi hukanda unga usiku bila kujua kesho itakuwaje. Mvua ikinyesha asubuhi, shule zikifungwa au mnada ukiahirishwa, beseni hurudi nyumbani likiwa nusu. Siku ya kwanza watoto hufurahi. Siku ya pili maandazi yamekuwa magumu. Siku ya tatu yana madoa ya kijani na hayafai tena.

Kwa upande mwingine, vijiji vingi vilivyofikiwa na umeme sasa vina friza, angalau moja pale dukani inakohifadhiwa barafu na samaki. Je, friza hiyo inaweza kutunza maandazi, chapati, mikate na keki? Jibu ni ndiyo, tena vizuri kuliko vyakula vingi vingine. Lakini yapo mambo machache ambayo yakikosewa, utatoa kitu kikavu chenye harufu ya samaki, au kitu kitakachomuumiza mlaji tumbo.

Makala haya yanaeleza namna ya kufanya, na sababu ya kila hatua.

Kwa nini mkate unakuwa mgumu?

Wengi hudhani mkate unakuwa mgumu kwa sababu umekauka tu. Hiyo ni sehemu ya sababu, kwani hata mkate uliofungwa vizuri hukakamaa.

Chanzo kikubwa ni wanga ulio ndani ya unga. Unga ukipikwa, wanga hunywa maji na kulainika. Chakula kikipoa, wanga huanza kujipanga upya na kukaza. Ndiyo maana ugali wa jana si laini kama ulivyokuwa ulipopakuliwa.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Kukaza huko huenda haraka zaidi kwenye baridi ya wastani, nyuzi chache juu ya sifuri, yaani ile baridi ya friji ya kawaida. Mkate uliowekwa kwenye friji huchelewa kuota ukungu, lakini huwa mgumu mapema kuliko ule uliobaki kabatini. Ile friji ya soda yenye mlango wa kioo ni mahali pabaya kwa andazi.

Friza ni jambo jingine. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, maji yaliyo ndani ya mkate yamegeuka barafu na kukaza kwa wanga kunakaribia kusimama kabisa. Ukitoa mkate huo baada ya wiki tatu na kuupasha moto vizuri, utafanana sana na ulivyokuwa siku ulipougandisha.

Moto nao una kazi yake. Wanga uliokaza hulegea tena ukipata joto la zaidi ya nyuzi 60. Ndiyo maana chapati ngumu hulainika kikaangoni, na pia ndiyo maana hukakamaa upya ikipoa. Kwa hiyo pasha kiasi cha kuliwa wakati huo tu.

Baridi haiui vijidudu

Jambo hili ni muhimu kuliko yote katika makala haya. Baridi ya friza huzuia ukungu na bakteria wasiongezeke, lakini wengi wao hawafi. Chakula kikiyeyuka na kupata joto, huamka na kuendelea pale walipoishia.

Maana yake ni kwamba friza haitibu chakula kilichokwisha kuanza kuharibika. Andazi la siku tatu likigandishwa, litatoka likiwa andazi la siku tatu. Ukitaka kupata kitu kizuri, gandisha siku ileile uliyopika.

Na ukungu je? Usikwangue doa ukala sehemu iliyobaki. Mkate ni chakula laini, na nyuzi za ukungu hupenya ndani mahali ambapo jicho halioni. Baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu ambayo haiondoki kwa kupasha moto. Usimpe kuku wala ng'ombe pia, maana sumu hizo huwadhuru hata wao.

Je, friza yako ina baridi ya kutosha?

Kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama huna kipimajoto, angalia alama za nyota kwenye mlango au ndani ya kifaa. Nyota moja ina maana ya takriban nyuzi 6 chini ya sifuri. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyota nne ina maana kwamba kifaa kinafikia baridi hiyo na pia kina nguvu ya kugandisha chakula kipya.

Kile kisanduku kidogo cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo mara nyingi ni cha nyota moja. Hicho kitakutunzia chakula kwa takriban wiki moja tu. Nyota mbili ni kama mwezi mmoja. Ukitaka miezi miwili au mitatu, unahitaji friza yenyewe.

Kuna njia rahisi ya kupima. Weka aiskrimu ya maziwa ndani na uiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa ngumu kama jiwe, baridi inatosha. Ikiwa kijiko kinazama bila shida, baridi haitoshi.

Usiijaze friza chakula kipya kingi kwa mara moja. Friza ya lita 100 isipewe zaidi ya kilo 3 hadi 5 za chakula ambacho hakijaganda kwa siku moja. Ukizidisha, vyote vitachelewa kuganda, na vile vilivyokuwa vimeganda vitaanza kulegea. Wanaotumia umeme wa jua waingize chakula kipya mchana jua linapowaka, si usiku betri inapojitegemea.

Hatua tano za kugandisha

1. Poza kabisa. Chakula cha moto kikifungwa hutoa mvuke. Mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko, na maji hayo hugeuka barafu. Ukiyeyusha, andazi linalowa. Tandaza kwenye wavu, ungo au sinia pana na ufunike kwa kitambaa chepesi safi kuzuia inzi. Maandazi hupoa ndani ya saa moja hivi. Mkate mkubwa huhitaji saa mbili hadi tatu.

2. Usichelewe. Mkate au andazi tupu linaweza kusubiri kidogo. Lakini chochote chenye nyama, samaki, mayai au maziwa ndani kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye maeneo ya joto kali, zaidi ya nyuzi 32, kisizidi saa moja.

3. Gandisha yakiwa yametawanyika. Panga kwenye sinia bila kugusana, weka ndani ya friza kwa saa chache mpaka yawe magumu, kisha ndipo uyaweke pamoja kwenye mfuko au chombo. Hayatashikana, na utaweza kutoa matano bila kubomoa ishirini.

Kutawanya kuna faida nyingine: chakula huganda haraka. Kikiganda polepole, vipande vya barafu vinavyojijenga ndani huwa vikubwa na huchana nyama ya mkate, hivyo ukiyeyuka unalegea na kumomonyoka. Kikiganda haraka, vipande hivyo huwa vidogo. Mmarekani Clarence Birdseye alitambua faida ya kugandisha haraka zaidi ya miaka 100 iliyopita, akiwa Labrador, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kanada. Aliona samaki wa Wainuiti wakiganda papo hapo kwenye upepo wa baridi kali, na baadaye wakiliwa kama wametoka majini. Mwaka 1930 bidhaa zake zilizogandishwa zilianza kuuzwa madukani Springfield, katika jimbo la Massachusetts.

4. Funga bila kuacha hewa. Hewa ya friza ni kavu sana. Chakula kilichoachwa wazi hupoteza maji na kuota mabaka meupe makavu. Mabaka hayo hayana sumu, lakini ladha imeondoka. Tumia chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko unaobana, au mfuko safi wa chakula, na ukamue hewa yote kabla ya kufunga. Kwa kitu cha kukaa muda mrefu, zungushia karatasi ya foili kwanza.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania mwezi Juni 2019, kwa hiyo chombo chenye mfuniko kinachooshwa na kutumika tena ndicho bora zaidi. Kamwe usitumie mfuko uliowahi kubeba mbolea, dawa ya mifugo au sabuni, hata ukiuosha mara kumi.

5. Andika tarehe. Bandika kipande cha karatasi chenye jina la chakula, idadi na siku. Vya zamani vitoke kwanza.

Kuhusu majirani wa ndani ya friza: mkate hunasa harufu haraka, hasa ya samaki na vitunguu. Samaki na nyama mbichi viwekwe chini, vikiwa vimefungwa, na vitafunwa viwe juu. Umeme ukikatika na damu ya nyama ikadondokea maandazi, maandazi hayo hayafai kuliwa.

Kila kimoja na tabia yake

Maandazi na kalimati. Pika yaive kabisa, yachuje mafuta vizuri, poza, gandisha. Tumia ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Mafuta yaliyomo huendelea kuchacha polepole hata ndani ya baridi, kwa hiyo yaliyokaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kutumika mara nyingi huharibika ladha mapema. Kalimati zigandishwe kabla ya kutiwa shira.

Chapati. Hizi huvumilia sana. Weka kipande cha nailoni safi au karatasi isiyoshika mafuta kati ya chapati na chapati, kisha funga rundo zima. Wengi huzichoma nusu, pande zote mbili bila mafuta mpaka zianze kubadilika rangi, wakazigandisha hivyo. Siku ya kula huzimalizia kikaangoni kwa mafuta, zikanukia kama za leo. Kaa nazo hadi miezi miwili.

Mkate na skonzi. Kata mkate vipande kabla ya kuugandisha ili utoe unavyohitaji. Hukaa vizuri miezi miwili hadi mitatu.

Keki na biskuti. Sukari na mafuta mengi husaidia, kwa sababu huzuia maji yote yasigande kwa ukali. Keki isiyopambwa hukaa miezi miwili hadi minne. Biskuti kavu hukaa hata zaidi. Pamba keki baada ya kuyeyuka, si kabla.

Sambusa. Katika pwani, familia nyingi huandaa sambusa kwa wingi kabla ya Ramadhani na kuzigandisha zikiwa mbichi, ili jioni ya kufuturu kazi iwe kukaanga tu. Utaratibu huu ni mzuri ukizingatia jambo moja: pika nyama iive kabisa na ipoe kabisa kabla ya kufunga manda. Nyama ya moto hulowesha manda, na sambusa hupasuka kwenye mafuta. Tumia ndani ya miezi miwili.

Vitumbua na mkate wa kumimina. Mchele hukaza zaidi ya ngano, kwa hiyo vikitoka kwenye friza huwa vigumu na hubomoka. Usivipashe kwa moto mkavu. Vipe mvuke, juu ya chujio ndani ya sufuria yenye maji kidogo yanayochemka, na vitalainika. Visizidi mwezi.

Unga uliokandwa kwa hamira. Unaweza kugandishwa, lakini sehemu ya hamira hufa kwa baridi. Ongeza hamira kidogo kuliko kawaida, kata maumbo kabla hayajaumuka mara ya pili, na utumie ndani ya mwezi mmoja. Ukiutoa, uache uyeyuke na uumuke ndipo uoke. Kwa anayeanza, kugandisha kilichoiva ni salama na rahisi zaidi.

Vya kuacha. Usigandishe vitafunwa vyenye kasitadi, mayonezi, yai la kuchemsha au saladi ndani. Kasitadi na mayonezi hutengana maji, na ute wa yai huwa kama mpira.

Muda huu wote ni kwa ajili ya ladha, na ni kwa friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza ya dukani inayofunguliwa kila mteja anapotaka barafu hupanda na kushuka joto. Hapo chukua nusu ya muda uliotajwa.

Kuyeyusha na kupasha

Mkate, skonzi na keki viyeyuke vikiwa bado vimefungwa. Unyevu wa hewa hujikusanya kwenye kitu cha baridi, kama unavyoona matone kwenye chupa ya soda. Ukiacha mfuko umefungwa, matone yatakaa nje ya mfuko na si juu ya mkate. Skonzi huhitaji saa moja hadi mbili, mkate mzima huhitaji saa tatu au zaidi.

Chapati ziende moja kwa moja kikaangoni. Maandazi yaache yalegee, kisha yapashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku umefunika, ukiyageuza. Usiyakaange tena kwenye mafuta mengi, yatajaa mafuta.

Kwa sambusa zilizoganda, kuwa mwangalifu. Maji yakikutana na mafuta ya moto hulipuka na kurusha mafuta. Pukuta barafu yote, mafuta yasizidi nusu ya karai, kaanga chache kwa wakati mmoja kwa moto wa wastani, na watoto wawe mbali na jiko. Moto mkali utaunguza manda wakati ndani bado kuna barafu. Vunja moja katikati uone kama ndani ni moto kabisa.

Sambusa na vingine vyenye nyama vikiyeyushwa, viyeyushwe ndani ya friji, si mezani.

Umeme ukikatika

Kwanza, usifungue. Friza iliyojaa na kufungwa hutunza baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu ni takriban saa 24. Friza inayofunguka juu hutunza vizuri zaidi, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na hubaki chini. Kama friza yako ina nafasi tupu, ijaze chupa za maji zilizoganda, usiache kitupu.

Vipi kama hukuwepo nyumbani? Tumia sarafu. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, na ukiache humo daima. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiikuta chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena, hata kama sasa kinaonekana kigumu.

Uamuzi uwe hivi: chenye nyama, samaki au maziwa ambacho bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichopata joto kwa zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama hakinuki. Bakteria wengi wanaoumiza tumbo hawatoi harufu. Mkate, maandazi na chapati tupu hazina hatari kubwa namna hiyo: ukizikuta zimeyeyuka lakini ni safi na hazina ukungu, zipashe na zile siku hiyo.

Je, inalipa?

Kununua friza kwa ajili ya maandazi peke yake mara nyingi hakulipi. Kutumia nafasi katika friza iliyopo kunaweza kulipa. Fanya hesabu yako mwenyewe. Tuseme yanabaki maandazi 20 kwa siku, na andazi ni shilingi 200. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa siku, na shilingi 24,000 kwa siku sita za kazi. Sasa linganisha na gharama ya umeme, au na kile mwenye duka anachotaka kwa nafasi.

Kujua friza inakula umeme kiasi gani, soma uniti kwenye mita usiku, zima vingine vyote, kisha soma tena alfajiri baada ya saa nane. Tofauti hiyo zidisha mara tatu, na uongeze kidogo kwa sababu mchana kuna joto na mlango hufunguliwa.

Usisahau kuni na mkaa. Kupasha tanuri ni gharama ileile uoke mikate minne au kumi. Anayeoka mara mbili kwa wiki na kugandisha ziada huwasha moto mara chache kuliko anayeoka kila siku.

Lakini ziada isiwe tabia. Kama kila siku yanabaki maandazi 20, dawa ya kwanza ni kupunguza unga. Friza ni kwa ajili ya siku ambayo mvua imeharibu hesabu.

Na kwa mteja, sema ukweli. Andazi la jana lililopashwa vizuri ni chakula kizuri, na wapo watakaolinunua kwa bei pungufu. Akiuliza kama ni la leo, mwambie lilipikwa lini. Akirudi kesho, utajua kwamba jibu lako halikumfukuza.